Tetemeko la Atlas 2023: msaada ulifika, mbona haukukaa? Tatizo hema, lugha au karatasi?

#1 Kisiki cha Mpingo (mleta mada)
Wakuu, salaam. Naweka hoja mezani, muirarue mtakavyo.

Tarehe 8 Septemba 2023, saa 5:11 usiku kwa saa za Moroko, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga milima ya Atlas, kitovu kikiwa karibu na Ighil, mkoa wa Al Haouz. Waliokufa walikaribia 3,000, wengi wao Waamazigh (Waberiberi, wenyeji wa asili) wa vijiji vya Al Haouz na Taroudant. Msaada ulikuja, wala haukuwa haba.

Dai langu ni hili: jamii za asili zikipatwa na janga kama hili, kinachowatesa baadaye ni msaada uliopangwa na mtu asiyejua nyumba yao ina kazi gani. Nyumba ya Atlas chini hulala mifugo, juu hulala watu, na paa lake ni bapa kwa sababu ndiko wanakoanika mahindi na jozi. Mtu huyo ukimpa hema la mita 16 za mraba umempa pa kulala tu. Zizi, ghala, jiko na uwanja wa kuanikia umemnyima.

Sasa kosa ni la nani? La mtoaji, la serikali, au letu sisi tunaopenda kuuremba umaskini wa watu na kuuita utamaduni?

#2 Ghala Namba 4
Mkuu Kisiki, kwenye vipimo umebana kidogo. Hema la familia la kawaida lina mita 16 za mraba katikati, na vibaraza viwili vya mita 3.5 za mraba kila kimoja, jumla 23. Kiwango kinachofuatwa ni mita 3.5 za mraba kwa mtu, kwa hiyo kaya ya watu watano wanahitaji 17.5. Kwa hesabu hiyo hema linatosha.

Tatizo lako halisi liko ghalani. Hema hununuliwa na kuhifadhiwa miezi au miaka kabla ya tetemeko, na mnunuzi hajui litakwenda Atlas, Nepal au Papua. Haiwezekani kushona hema la kila kabila. Kinachowezekana ni kupunguza mahema na kuongeza vifaa vya kujijengea: turubai mbili za mita 4 kwa 6, kamba, waya wa kufungia, misumari, nyundo, msumeno, sururu na sepeto. Turubai moja inafunika watu, ya pili wataamua wenyewe kama ni ya mbuzi au ya shayiri. Nguzo wanazo kwenye kifusi.

Halafu kuna baridi, na hapa ndipo watu hufa mara ya pili. Hema la kawaida halikushonwa kwa baridi ya milimani. Linataka kitambaa cha ndani, mkeka mzito chini, na jiko lenye dohani inayopita kwenye tundu lenye bamba la kuzuia moto. Ukigawa mablanketi bila jiko, mtu ataingiza jiko la mkaa ndani na kufunga mlango, na asubuhi mtatoa maiti.

#3 Bint Shangani
Asanteni. Mimi naanzia kwa maiti wenyewe, maana ndiyo heshima ya kwanza na ndiyo huharibiwa kwanza.

Kuna imani kwamba maiti wa tetemeko huleta kipindupindu, basi wachimbiwe shimo moja haraka na kumwagiwa chokaa. Si kweli. Hawa waliuawa na kifusi, hawakufa kwa maradhi ya kuambukiza. Shirika la Afya Duniani na Msalaba Mwekundu wamelisema hilo miaka mingi. Hatari ya kweli ni ndogo: kinyesi cha maiti kisiingie kwenye chemchemi, na wanaobeba wavae glavu na viatu vizito.

Waislamu wa Atlas walizika upesi, kama tungefanya sisi. Anayekufa chini ya kifusi huhesabiwa shahidi, lakini bado anaoshwa na kuswaliwa, hukumu ya kutooshwa ni ya shahidi wa vitani. Maji yakikosekana anatayamamishwa. Msaada unaofaa hapo ni majora ya kitambaa cheupe, sabuni, kafuri, ndoo na wanawake wa kuosha wanawake. Watu watakata sanda wenyewe, vitambaa vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke.

Linalosahaulika ni karatasi. Kabla ya kuzika: picha ya uso, picha ya nguo, namba moja isiyorudiwa iandikwe kwenye vibao viwili visivyolowa, kimoja kibaki na maiti na kingine kwenye daftari, pamoja na mahali alipookotwa. Dakika tano tu. Bila hivyo mjane hana cheti cha kifo, mirathi inakwama, yatima hana haki yake, na hata siku ya kuanza eda inakuwa ya kukisia.

#4 Mwalimu Tawi
Bint Shangani umemaliza. Mimi nasema chanzo ni lugha.

Vijiji vile vinazungumza Kitashelhit, lahaja ya Kitamazight, lugha ya Waamazigh. Bibi mwenye miaka sabini huko juu huenda Kiarabu hajui kabisa, na Kifaransa ndiyo usiseme. Daktari, mhandisi wa kukagua nyufa na mshauri wa majonzi wakija na Kiarabu cha mjini, wanazungumza na wanaume waliowahi kufanya kazi Casablanca. Orodha ya mahitaji inakuwa ya wanaume hao.

Msidhani dawa ni kuchapisha mabango. Kitamazight kimekuwa lugha rasmi tangu katiba ya 2011 na kina herufi zake, lakini herufi hazimsaidii asiyesoma. Kinachofanya kazi ni sauti: tangazo la nusu dakika kwa Kitashelhit cha bonde hilohilo, lirekodiwe na mwanamke, lisambazwe kwa simu na kupigwa msikitini na sokoni. Halafu umuulize msikilizaji akurudishie kwa maneno yake. Akisema "wamesema tusubiri" wakati tangazo lilisema "leteni kitambulisho kabla ya Ijumaa", rekodi upya.

#5 Karani wa Kata
Mwalimu, kwa heshima zote, lugha ni kisingizio cha wataalamu. Mtafsiri hupatikana kwa siku moja. Kinachowaua watu ni fomu.

Moroko waliahidi dirham 2,500 kwa mwezi kwa mwaka mmoja kwa kaya zilizoathirika, dirham 140,000 kwa nyumba iliyoanguka yote na 80,000 kwa iliyoharibika sehemu. Fedha nzuri. Sasa uliza: mkuu wa kaya ni nani? Kaka watatu wanaishi nyumba moja ya baba, kila mmoja na mke na jiko lake. Kwa karani hiyo ni nyumba moja. Kijana anafanya kazi Marrakech, kitambulisho chake kina anwani ya mjini, mke na watoto wako kijijini. Kwa karani huyo si mkazi. Malalamiko ya walioachwa nje yalikuwa mengi, na mengi yalianzia hapo.

Nepal baada ya tetemeko la 25 Aprili 2015 ilikuwa hivyohivyo. Ruzuku ilikuwa rupia 300,000 kwa awamu tatu: 50,000 ya kuanza, 150,000 msingi ukishakaguliwa, 100,000 ya kumalizia. Uonyeshe na hati ya ardhi. Watamang na wengine wa milimani waliolima vizazi na vizazi bila hati wakabaki wanatazama. Hata wenye hati, wengi walijenga kajumba ka chumba kimoja ili kapite ukaguzi na awamu ya tatu itoke. Watu sita hawakai humo, basi kamekuwa stoo na wenyewe wamerudi kwenye banda la mabati.

#6 Fundi Lenta
Mnazunguka mbuyu. Kilichoua ni ukuta na paa, na watoa msaada wakirudisha ukuta uleule au wakileta zege bovu, tutaandika uzi huu tena.

Wengi wanasema udongo ndio muuaji. Hapana. Tuanze na paa. Ni boriti, juu yake matete, juu yake udongo, karibu na dari za boriti za Lamu na Unguja. Kila paa likivuja huongezwa tabaka. Udongo wenye unene wa sentimita 25 una uzito wa kilo 400 hivi kwa mita moja ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinabeba karibu tani tano juu ya vichwa vya waliolala, na mvua ikinyesha uzito unapanda.

Kisha ukuta. Ukuta wa mawe na tope wa sentimita 45 kwa kweli ni kuta mbili nyembamba zilizosimama bega kwa bega, katikati wamejaza kokoto. Tetemeko linazichana, wa nje unaanguka nje, wa ndani unabaki hauna nguvu, boriti zinachomoka.

Dawa yake haihitaji meli. Kwanza, mawe marefu yanayovuka unene wote wa ukuta, moja kila sentimita 60 kwenda juu na kila mita 1.2 kwenda pembeni. Pili, lenta, yaani mikanda ya mbao au zege inayozunguka nyumba nzima: juu ya msingi, chini ya dirisha, juu ya mlango, na chini ya paa. Ya mbao ni mbao mbili sambamba zilizounganishwa kwa vipande vya kukatiza, na konani ndipo pa kupigilia misumari mingi, maana konani ndipo ukuta unapofunguka. Tatu, mlango na dirisha visikae chini ya sentimita 60 kutoka konani. Nne, paa lipunguzwe udongo hadi sentimita 10, chini yake ilazwe nailoni nzito isivuje. Linabaki bapa, jozi zitaanikwa kama kawaida.

Moroko wana kanuni yao ya ujenzi wa udongo unaostahimili matetemeko, tangu kabla ya 2023. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba haikuwezekana kisheria.

#7 Pwagu wa Mtandao
Fundi hata uzi wa mahari angeingiza lenta 😂

#8 Fundi Lenta
Mahari bila lenta inaanguka pia.

#9 Mshamba Halisi
Mmemsikiliza mwenye nyumba lakini? Watu wa kule wengi wanataka zege. Wameona shule ya zege imesimama na nyumba ya babu imelala. Ukienda kuwaambia "jengeni udongo, ndio utamaduni wenu" wakati wewe unalala kwenye zege, wanakuona mbaguzi tu. Heshima ni kumpa fedha na kumwacha aamue.

#10 Fundi Lenta
@Mshamba Halisi, aamue, sawa. Lakini zege la kijijini bila nondo za kutosha, mchanga wenye udongo, maji yaliyozidi na ringi za nguzo zilizopishana sentimita 30, linaua kuliko tope. Tope likidondoka unaweza kulichimbua kwa sepeto. Bamba la zege linahitaji krini, na krini haipandi njia ya baghala.

#11 Karani wa Kata
Kuna mfano unaowahusu wote wawili. Juchitán, Oaxaca, Meksiko, tetemeko la 7 Septemba 2017 la ukubwa wa 8.2. Mji wa Wazapoteki, nyumba za zamani za matofali na vigae, kuta nene, paa la juu, ndani baridi wakati nje jua linachoma. Serikali ikatoa kadi: peso 120,000 kwa nyumba iliyotangazwa kuharibika kabisa, 15,000 kwa iliyoharibika sehemu.

Hebu piga hesabu. Nyumba inayotengenezeka kwa peso 60,000 mwenyewe atachagua lipi? Ataomba iandikwe "kabisa". Na ikiandikwa hivyo, greda linakuja. Nyumba nyingi za kutengenezeka zilibomolewa, vikajengwa visanduku vya zege vyenye joto la tanuri. Aliyebuni zile tarakimu mbili hakukusudia kudharau utamaduni wa mtu. Pengo kati ya 15,000 na 120,000 ndilo lililobomoa. Kungekuwa na ngazi tatu au nne za malipo, nyumba zingesimama.

#12 Mama Tanuri
Karani umetaja Juchitán ukaacha la maana. Wanawake wengi wa Kizapoteki kule wanaishi kwa kuuza totopo, chapati kavu ya mahindi yenye vitundu. Inaokwa ndani ya comixcal: chungu kikubwa kilichozungushiwa udongo na matofali, moto wa kuni ndani, donge linabandikwa ukutani. Tetemeko lilivunja vyungu. Nyumba ni ya kulala, lakini kilicholipa ada ya shule ni kile chungu.

Kwenye fomu za tathmini kuna "nyumba", "choo", "kisima". Tanuri liandikwe wapi? Katika seti ya jikoni inayogawiwa duniani kote kuna sufuria la lita 7, jingine la lita 5, kikaango, bakuli, vijiko. Hakuna pa kuokea. Vikundi vya kijamii vilivyoanza kwa kujenga upya matanuri vilifanya wanawake warudi sokoni kabla nyumba hazijaanza hata msingi.

Atlas ni yaleyale, wana tanuri la udongo la tafarnout. Ukipeleka unga gunia kwa gunia bila tanuri wala kuni, umewapa uji. Orodha ya jikoni kwa kijiji cha Atlas ingeanza hivi: unga, chachu, mafuta, chumvi, majani ya chai ya kijani, sukari nyingi. Msicheke sukari. Mgeni wa msibani asiponyweshwa chai tamu mwenye nyumba anaona aibu, na kipindi kile kila nyumba ilikuwa na msiba.

#13 Pwagu wa Mtandao
Si kama Pakistani waliowalisha Wanepali nyama ya ng'ombe 2015?

#14 Ghala Namba 4
@Pwagu, hapana, usichochee. Zilikuwa pakiti za chakula kilichopikwa tayari, baadhi zikiwa za nyama ya ng'ombe kwa masala, zikaingia nchi ambayo kuchinja ng'ombe ni kosa la jinai. Zikaonekana, vyombo vya habari vikapaza, hakuna aliyelazimishwa kula. Ni pakiti zilizochukuliwa ghalani bila mtu kuuliza zinakwenda wapi. Mnaona narudi palepale, ghalani.

Kinga yake ni rahisi: kila katoni ibandikwe alama ya picha, ng'ombe, kuku au jani, ionekane kabla ya kufunguliwa. Mpakiaji hahitaji kusoma.

#15 Jembe la Kale
Ongezeni Guatemala, 4 Februari 1976, ukubwa wa 7.5, waliokufa karibu 23,000, wengi Wamaya wa nyanda za juu, Chimaltenango iliumia vibaya. Mavuno ya mahindi yalikuwa mazuri mwaka ule, na nafaka ilikuwa chini ya kifusi, yenyewe ikiwa nzima. Walichohitaji ni mikono ya kufukua na mahali pa kuhifadhi. Meli za nafaka zikaja. Mkulima aliyetaka kuuza magunia mawili anunue bati akakuta bei imelala. Ubishi juu ya chakula kile haujaisha hadi leo.

Upande wa pili, mashirika ya Oxfam na World Neighbors, waliokuwa na watu wao Chimaltenango kabla ya tetemeko, hawakugawa mabati bure. Waliyauza kwa bei ya chini na fedha zikarudi kulipia kazi za kijiji, huku mafundi wa Kimaya wakifundishwa kufunga kona na kupunguza uzito wa paa. Bati waliliona linafaa: jepesi, na nyumba ikibomolewa unalibeba.

#16 Mshamba Halisi
Kumuuzia bati mtu aliyetoka kuzika wanawe? Huo ni ustaarabu gani?

#17 Jembe la Kale
Mkuu, wajane na wasiojiweza walipewa nafuu, na mnunuzi anachagua futi ngapi anazitaka. Anayepewa bure anapewa mabati kumi hata kama anahitaji kumi na nane, na hawezi kulalamika. Lakini nakubali, ilifaa kwa sababu wanakijiji waliwafahamu wale watu tayari. Mgeni wa wiki moja akijaribu kuuza atapigwa mawe, kwa haki.

#18 Bint Shangani
Nirudi kwa Mwalimu #4 na Karani #5. Mnabishana lugha na fomu, hamjamtaja anayeketi mezani. Atlas kuna jmaa, baraza la kijiji, na kuna tiwizi, kazi ya kusaidiana bila malipo. Mashirika yanapenda kusema "tulipitia jmaa", wanajiona wameheshimu mila. Jmaa ni wanaume. Mjane asiye na mtoto wa kiume mkubwa jina lake linaletwa na shemeji, kama akitaka.

Kinachosaidia ni orodha mbili zilizotengenezwa mbalimbali, moja na jmaa, moja na wanawake, kwenye chemchemi au kwenye ushirika wao. Zilinganishwe. Majina yaliyo kwenye moja tu ndiyo ya kufuatilia nyumba kwa nyumba. Kisha orodha isomwe kwa sauti hadharani kabla ya mgao, si baada.

Vyoo: kimoja kwa watu 20, vya wanawake mbali na vya wanaume, komeo kwa ndani, taa njiani, ndoo yenye mfuniko na kamba ya kuanikia vitambaa vya hedhi pasipoonekana. Kamba hiyo ikikosekana, vitambaa vitaanikwa gizani ndani ya hema, vikae na unyevu, na maradhi yaanze.

#19 Mwalimu Tawi
Na siku ya mgao iangaliwe. Kwenye miji midogo ya huko, Asni soko lao ni Jumamosi, Amizmiz ni Jumanne. Ukigawa unga siku ya soko umewanyang'anya wateja wauzaji walewale unaotaka wainuke, na nusu ya kijiji hawapo.

#20 Jembe la Kale
Tiwizi nayo ina mtego. Ukianza kumlipa kila anayeondoa kifusi, kesho hakuna atakayemjengea jirani bure. Usipolipa, maskini asiye na akiba anafanya kazi siku nzima na watoto hawana chakula. Wengine hulipa mafundi tu na kupeleka chakula cha mchana kwa wote. Wengine hulipa kila mtu siku kumi za kwanza kisha wanaacha. Njia zote mbili nimeona zikilaumiwa.

#21 Kisiki cha Mpingo
Nawashukuru. Mpaka sasa tuna ghala, lugha, fomu, ukuta na jmaa. Mbona hakuna aliyesema siasa? Barabara ya Tizi n'Test kati ya Marrakech na Taroudant ilifungwa na mawe, vijiji vikategemea baghala na migongo ya watu. Barabara ile ilikuwa mbovu kabla ya tetemeko. Mlima uliosahauliwa miaka hamsini hauwezi kukumbukwa kwa siku tatu.

#22 Karani wa Kata
Hiyo nakubali nusu. Barabara nzuri ingeleta fomu mbaya haraka zaidi.

#23 Ghala Namba 4
😂 Karani!
Kuhusu baghala: mnyama mmoja hubeba kilo 80 hadi 100 salama kwenye njia ya mlima. Mahema mengi ya familia yana zaidi ya kilo 50 na mfuko mmoja mrefu, hayakai sawa mgongoni. Turubai na vifaa hugawanyika pande mbili. Na lishe ya wanyama iingie kwenye hesabu ya misafara. Mzigo wa shayiri na majani makavu ulitakiwa kupanda pamoja na unga, la sivyo mtu anauza mbuzi kwa bei ya kutupa, na mnunuzi ni yuleyule wa mjini.

#24 Mama Tanuri
Na tusizungumze kana kwamba jamii za asili ni za kupokea tu. Kaikōura, New Zealand, tetemeko la 14 Novemba 2016, ukubwa wa 7.8, barabara zote zimekatika, watalii wamekwama. Wamaori wa Ngāi Tahu wakafungua marae yao ya Takahanga, yaani uwanja na ukumbi wa jamii, wakalaza na kulisha mamia ya watu, hadi kambakoche walipika. Marae ina jiko la kupikia umati, magodoro, vyoo, na watu waliozoea kupokea wageni wa misiba. Mipango ya maafa ingeanza kwa kuorodhesha maeneo kama hayo kabla ya tetemeko na kuyawekea jenereta na tangi la maji. Kwa mtu mmoja hesabu lita 15 kwa siku.

#25 Mshamba Halisi
Kambakoche kwa wahanga! Sisi tungepewa biskuti.

#26 Kijana wa Kamachumu
Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote. Swali kwa Fundi: Kagera lilipotupiga 10 Septemba 2016, ukubwa wa 5.9, kuta za mawe na tope zilichanika kama ulivyoeleza #6. Nataka kuyaweka yale mawe marefu lakini huku mawe ni madogo, hakuna linalofika sentimita 45. Nifanyeje? Na ukuta uliokwisha kusimama unaweza kufungwa?

#27 Fundi Lenta
Marahaba kijana. Hilo ndilo swali.

Ukuta mpya: mwaga zege lako mwenyewe kwenye kalibu ya mbao, sentimita 15 kwa 15 na urefu sawa na unene wa ukuta, weka nondo moja katikati. Mwagilia mawe hayo ya zege maji kwa siku saba kabla ya kuyatumia. Nafasi zilezile, 60 kwenda juu, mita 1.2 pembeni, na kila mstari uhame nusu nafasi usikae juu ya mwenzake.

Ukuta uliosimama: toa jiwe moja upande wa ndani, chokonoa polepole hadi utokee nje, usitumie nyundo nzito. Tundu liwe pana kidogo ncha zote mbili kuliko katikati. Ingiza nondo ya milimita 8 au 10 iliyokunjwa ncha pande zote mbili, kisha jaza zege na ushindilie kwa kijiti. Usitoboe matundu mawili ya jirani siku moja, fanya moja, ruka mawili, urudi kesho. Kama ukuta umefutuka tumbo zaidi ya sentimita chache, usihangaike nao, ubomoe kuanzia juu.

#28 Kijana wa Kamachumu
Asante sana mkuu. Na lenta nazo kwa ukuta uliosimama?

#29 Fundi Lenta
Zungusha waya wa wavu wa chuma nje na ndani, usawa wa juu ya milango, upana wa sentimita 30 hivi, uufunge kwa waya unaopita ukutani, kisha piga plasta ya saruji. Konani upishane angalau sentimita 30, usikatie hapo. Picha ya nyumba weka hapa kabla hujaanza, tuone nyufa zimeelekea wapi.

#30 Pwagu wa Mtandao
Tumerudi kwenye lenta.